Sinasi sugu: kuna haja gani ya kisu kama puto lipo? Mliopitia njooni tupeane uzoefu

#1 MwalimuWaNzuguni

Wakuu habari za mchana.

Mimi ni mwalimu, nipo Dodoma. Pua yangu, matundu yote mawili, haijawahi kufunguka vizuri kwa miaka kadhaa sasa. Asubuhi natoa makamasi mazito ya njano, mengine yanashukia kooni. Ikifika mchana uso unakuwa mzito, hasa shavu la kulia na juu ya jicho. Nikiinama kufunga kamba za viatu ndiyo naipata vizuri. Harufu siisikii, wali ukiungua jikoni mpaka mke wangu aniambie. Nimemeza amoksilini, nimemeza zile za siku tatu, nimepewa matone, nimepewa vidonge vya aleji. Nikiwa kwenye dozi napata nafuu, dozi ikiisha tunarudi palepale.

Juzi daktari wa pua, koo na masikio kanipitishia kamera puani, akasema ni sinasi sugu, yaani vile vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso vimevimba kwa muda mrefu, na dawa zikishindwa nitapelekwa kwenye upasuaji. Binamu yangu aliyeko Muscat anasema nisikubali, huko wanaingiza tu puto dogo puani la kupanua mlango wa sinasi, mtu anarudi kwake jioni hiyohiyo.

Msimamo wangu kwa sasa: kama puto lipo, kisu cha nini? Aliyefanyiwa kimojawapo aseme alivyojisikia, na kama ugonjwa ulirudi.

#2 Kibakwe_Boy

Pole mwalimu. Ila vumbi la Dodoma la mwezi wa nane ukichanganya na vumbi la chaki, hata tembo angeziba mkonga. Omba uhamisho wa Lushoto, utapona bila puto wala kisu.

#3 MzeeWaUsangi

Kijana, usikubali. Kaka yangu alifanyiwa miaka ya themanini. Walimchana ndani ya mdomo, chini ya mdomo wa juu, wakatoboa mfupa wa shavu wakakwangua. Alivimba uso, akala uji kwa muda mrefu, na mpaka anafariki (kwa ugonjwa mwingine) lile shavu na meno ya juu yalikuwa na ganzi. Upasuaji wa sinasi nauogopa kama nini.

#4 AfisaTabibu

Mzee wangu shikamoo. Aliyofanyiwa marehemu ni ile ya zamani inayoitwa Caldwell-Luc, kwa majina ya madaktari wawili walioieleza kila mmoja kivyake, Caldwell wa New York mwaka 1893 na Luc wa Paris mwaka 1897. Ganzi ya shavu na meno ni madhara yake yanayojulikana. Siku hizi hufanywa mara chache sana, kwa sababu maalumu.

Anayotajiwa mwalimu ni tofauti kabisa. Wanaingia na kamera nyembamba kupitia tundu la pua, hakuna kovu usoni wala mdomoni. Msingi wake uliwekwa na Messerklinger kule Graz, Austria. Aligundua kwamba sinasi ina njia yake ya kusafirisha ute kuelekea kwenye mlango wake wa asili, hata ukitoboa tundu jingine kwingine ute bado unafuata mlango uleule. Kwa hiyo kazi ni kufungua mlango wa asili, siyo kukwangua chumba kizima. Mwanafunzi wake Stammberger na Kennedy aliyekuwa Marekani wakaieneza kuanzia miaka ya 1980.

Mwalimu, swali moja: umefanya CT ya sinasi, ile picha ya mashine inayoonyesha ndani kipande kwa kipande?

#5 MwalimuWaNzuguni

#4 Asante kiongozi. CT bado, nilipiga eksirei ya kichwa tu, wakasema kuna wingu upande wa kulia.

#2 Lushoto nakuja, tafuta kiwanja.

#6 Mtoto_wa_Ruwi

Nipo Muscat, puto nimefanyiwa, nikueleze nilivyoona kwa macho yangu.

Sikulazwa usingizi. Walinipulizia dawa ya ganzi, wakaweka na pamba zenye dawa puani, tukasubiri. Baadaye daktari akapitisha waya mwembamba wenye taa kwenye ncha. Wakazima taa za chumba. Nesi akanishikia kioo kidogo nikaona paji langu linawaka wekundu kwa ndani, ndipo daktari akasema sasa tuna uhakika tumo kwenye sinasi yenyewe. Halafu puto likapita juu ya ule waya, likajazwa maji kwa bomba lenye saa ya kupima presha. Hapo ndipo nilisikia mfupa ukialika, kama mtu anavunja njiti ya kiberiti ndani ya kichwa. Maumivu kidogo, ila ule mlio unatisha kama hujaambiwa mapema. Sekunde chache, likatolewa maji, wakasafisha kwa maji ya chumvi, upande wa pili vivyo hivyo.

Damu kidogo jioni ile, kesho yake nikawa na uso mzito tu. Kazini nilirudi haraka. Mpaka leo paji halijaniuma tena. Mwalimu, msikilize binamu yako.

#7 NesiWaZamu

#6 umeeleza vizuri, hongera kwa kupona. Lakini tusimpeleke mwalimu kwa haraka.

Puto halikati wala halitoi kitu. Linasukuma tu mfupa mwembamba wa mlango ili upanuke. Kwa hiyo linafaa pale mlango ulipobana na ndani hakuna kitu cha kutolewa: sinasi za mashavuni, za kwenye paji, na ile ya nyuma kabisa. Kuna kundi la nne, vile vyumba vidogovidogo vilivyo kati ya macho. Pale puto halina pa kukaa, maana siyo mlango mmoja, ni vyumba vingi vyenye kuta nyembamba. Na ugonjwa sugu mara nyingi unaanzia hukohuko.

Ukiwa na vinyama laini puani, puto litapanua njia halafu vinyama vitabaki vimekaa mlangoni. Ukiwa na fangasi iliyojikusanya, lazima itolewe. Mwalimu hasikii harufu. Mtu mwenye makamasi sugu asiyesikia harufu, mimi kwanza nafikiria vinyama. Daktari aliyempiga kamera alisema ameona nini?

#8 MwalimuWaNzuguni

#7 Aliandika kwa mwandiko wao. Nilichosoma ni "usaha, kulia". Kuhusu nyama sikuuliza.

#9 FundiKeko

Mimi nilifanyiwa ya kamera, vinyama. Ni seremala, nipo Keko. Pande zote mbili zilikuwa zimejaa, nalala mdomo wazi, mke analalamika nakoroma kama mashine ya randa.

Usingizi kamili, kuamka pua imejazwa pamba. Kutolewa ile pamba ndiyo sehemu mbaya kuliko upasuaji wenyewe. Halafu kurudi kliniki kusafishwa magamba mara kwa mara, hilo watu hawalisemi. Wengine wanafanyiwa wanakimbia, magamba yanashikana, njia inaziba upya, wanasema upasuaji haufai.

Harufu ilirudi. Siku niliyosikia harufu ya mninga nikiukata nilisimamisha mashine. Lakini sasa upande mmoja naona vinaota tena. Nadhani ni vumbi la mbao.

#10 Bi_Tanga

Mwalimu, kabla ya puto na kamera: una jino gani upande huo wa kulia?

Mimi niliteseka na shavu moja. Moja tu, hilo ndilo muhimu. Makamasi yananuka mpaka nakwepa kuongea na watu karibu. Nimepigwa antibayotiki za kila rangi. Mwisho daktari wa meno ndiye aliyegundua jino la juu la nyuma limeoza kwenye mzizi, na mizizi ya meno yale inakaa karibu kabisa na sakafu ya sinasi ya shavuni. Jino likang'olewa, sinasi ikakauka. Sikuchanwa popote.

#11 MwalimuWaNzuguni

#10 Dada umenishtua. Nina gego la juu kulia lilizibwa zamani, linaniuma nikinywa cha moto, nikajua ni hiyo sinasi inashukia kwenye jino.

#12 Bi_Tanga

Huenda jino ndilo linapandia kwenye sinasi. Nenda kwa daktari wa meno wiki hii.

#13 AfisaTabibu

#10 nakuunga mkono. Ugonjwa wa upande mmoja ni lazima utafutiwe sababu: jino, fangasi iliyojikusanya, kitu kilichokwama (kwa watoto, shanga na punje za mahindi), na mara chache uvimbe mbaya. Ndiyo maana niliuliza CT. Eksirei inaonyesha wingu, haisemi wingu la nini wala mlango gani umeziba. Na anayesoma CT aombwe aangalie mizizi ya meno, wakati mwingine wanaipita.

Hata hivyo mwalimu anasema pua zote mbili huziba na harufu hasikii. Jino peke yake halielezi hayo yote. Nakubaliana na Nesi, vinyama bado sijavitoa kwenye orodha.

#14 Mnyalu_Halisi

Nyote mmesahau kipanda uso. Mimi nilitibiwa sinasi miaka, kumbe sina sinasi. Kichwa upande mmoja, jicho linatoa machozi, pua inaziba upande huohuo, mwanga siutaki, natapika. Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye aliyenitoa gizani.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2004, walichukua watu karibu 3,000 waliojiita wagonjwa wa kichwa cha sinasi, asilimia 88 wakakutwa dalili zao ni za kipanda uso. Watu wengi wanaotaka puto wanahitaji dawa ya kichwa.

#15 NesiWaZamu

#14 Kweli kabisa, na utafiti huo naujua, ila waliochukuliwa hawakuwa watu wenye usaha wala sinasi iliyothibitishwa. Mwalimu ana usaha ulioonekana kwa kamera. Kipanda uso hakitoi makamasi ya njano. Anaweza kuwa navyo vyote viwili, hilo sikatai.

#16 Mnyalu_Halisi

Sawa Nesi, lakini kinachomtesa mwalimu ni nini, usaha au maumivu? Akipanuliwa milango yote na kichwa kikaendelea, atasema madaktari wamemwibia.

#17 Kisauni001

Nawasalimu kutoka Mombasa. Ndugu mwalimu ametaja matone. Matone gani? Kama ni yale ya kufungua pua papo hapo, ya xylometazolini, basi hayo usizidishe siku tano hadi saba. Mimi niliyazoea hadi nikawa natembea na chupa mfukoni, nalala nayo chini ya mto. Ukiweka pua inafunguka, baada ya saa chache inaziba kuliko mwanzo, unaongeza. Nyama za ndani zinavimba kwa sababu ya dawa yenyewe.

Niliyaacha tundu moja kwanza, nikawa natumia dawa ya kupuliza ya steroidi, inayopunguza uvimbe wa ndani. Zilikuwa siku ngumu ila pua ilifunguka yenyewe. Nilikuwa nimeshaandikiwa kuchomwa nyama za pua.

#18 MwalimuWaNzuguni

#17 Ndiyo hayohayo. Natumia kila usiku, siwezi kulala bila hayo.

#19 Kibakwe_Boy

Haya, mgonjwa mmoja sasa ana vumbi, jino, vinyama, kipanda uso na matone. Mwalimu umekusanya mtaala mzima.

#20 TibaZaBabu

Acheni kuhangaika. Saga kitunguu saumu, kamua, weka matone mawili kila tundu. Kitatoka kila kitu. Au habasoda. Na kujifukiza, mbona mwaka 2020 tulijifukiza wote tukapona?

#21 NesiWaZamu

#20 Kitunguu saumu kibichi puani kinaunguza ngozi laini. Yale makamasi yanayomwagika ni pua inajitetea, wala siyo sinasi inayofunguka. Mvuke unatuliza kwa muda mfupi, sikatai, ila tumepokea watoto waliomwagikiwa sufuria la maji ya kujifukiza, na wengine wameungua vibaya sana. Tafadhali ndugu yangu, usiwape watu hiyo ya matone.

Chenye ushahidi ni kusafisha kwa maji ya chumvi. Maji yaliyochemka yakapoa, kikombe cha robo lita, chumvi nusu kijiko cha chai, na bikaboneti ya soda kidogo sana ya kupunguza ukali. Unainama juu ya sinki, mdomo wazi, unaingiza tundu la juu yanatokea la chini. Fanya kabla ya dawa ya kupuliza, siyo baada, la sivyo unaiosha dawa yote.

#22 MamaLishe_Sabasaba

Kwa hiyo ni magadi eeh? Hayo ninayo ya kuchemshia maharage.

#23 NesiWaZamu

Hapana mama, magadi ya maharage ni makali, yatakuunguza. Namaanisha ile soda nyeupe laini ya kuumulia keki, na siyo hamira wala beking pauda. Ukiikosa, chumvi peke yake inatosha. Kama chumvi ya dukani yenye madini joto inakuwasha, tafuta isiyo nayo.

#24 Sharifu_wa_Forodhani

Sisi tunavuta maji puani kila tukitawadha na bado mafua tunayo. Na maji ya bomba hayana shida miaka yote.

#25 AfisaTabibu

#24 Maalim, kuvuta kidogo wakati wa udhu ni tofauti na kusukuma kikombe kizima mpaka kwenye sinasi. Yapo maji yenye amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, inayoingia ubongoni kupitia puani. Ni nadra sana lakini inaua. Mwaka 2011 kule Louisiana walifariki watu wawili waliosafisha sinasi kwa maji ya bomba, na Karachi wamefariki watu walioaminika kuipata wakati wa kutawadha. Ukiyanywa hayana madhara hayo, njia yake ni pua tu. Kwa kusafisha sinasi, chemsha. Hapo sibishani na mtu.

#26 Sharifu_wa_Forodhani

Ahsante, hilo nimelichukua. Nitaweka birika la maji yaliyochemshwa kwa ajili ya mzee wangu, yeye huvuta maji puani sana.

#27 Mtoto_wa_Ruwi

Tusiliue puto jamani. Daktari wangu alinionyesha utafiti wa REMODEL, Marekani, 2013. Waligawanya wagonjwa kwa bahati nasibu, nusu puto, nusu kamera na kukata. Nafuu ilikuwa sawa, na wa puto walirudi kwenye shughuli zao mapema zaidi.

#28 NesiWaZamu

#27 Ni sawa, ila malizia: wenye vinyama hawakuchukuliwa, ugonjwa wao ulikuwa wa sinasi za mashavuni, wachache na wa sehemu ya mbele kati ya macho. Na aliyegharamia ni kampuni inayotengeneza hayo maputo. Sisemi ni uongo. Nasema jibu hilo ni la wagonjwa wa aina ile.

#29 Daktari_Mtarajiwa

Naongezea. Uingereza wamefanya utafiti unaoitwa MACRO, wagonjwa zaidi ya 500. Kundi moja upasuaji wa kamera, moja antibayotiki ya klarithromaisini kwa miezi mitatu, moja dawa bandia (kidonge kisicho na dawa ndani), na wote waliendelea na maji ya chumvi na steroidi ya kupuliza. Upasuaji uliwapa nafuu kubwa. Antibayotiki ya muda mrefu haikuishinda dawa bandia. Kwa hiyo hizo amoksilini za mwalimu kila baada ya muda, sioni zinafanya nini.

#30 MzeeWaUsangi

#29 Nafuu kubwa, na macho je? Nasikia kisu kikiteleza kinaingia jichoni.

#31 AfisaTabibu

Mzee, hofu yako ina msingi. Mfupa unaotenganisha vile vyumba vya kati ya macho na jicho ni mwembamba kama karatasi, na juu yake kuna ubongo. Kuumia jicho au kuvuja maji ya ubongo kunatokea, kwa nadra. Ndiyo maana hakuna daktari makini anayeingia bila CT mbele yake ukutani. Na puto nalo siyo kwamba halina hatari kabisa, waya unapita jirani na palepale.

#32 Minneapolis_Kwetu

Nipo Marekani, vinyama vyangu vilirudi kila baada ya upasuaji. Sasa natumia sindano ya dupilumabu, ya chini ya ngozi, najichoma mwenyewe kila wiki mbili. Ilikubaliwa huku kwa vinyama mwaka 2019. Harufu imerudi, vinyama vimesinyaa. Shida ni bei, bila bima ya kazini nisingeiweza, na ukiacha vinaweza kurudi.

#33 Kisauni001

#32 Hongera ndugu. Huku kwetu hata hiyo CT watu wanauza mbuzi. Mwalimu, ulizia bima yako inalipa nini kabla hujapanga safari. Kuna wanaofika mezani ndipo wanaambiwa puto, ambalo hutumika mara moja likatupwa, ni la kulipia mfukoni.

#34 Mama_Pendo_Mbeya

Samahani kuingilia. Mwanangu wa miaka mitano anakoroma, mdomo wazi, makamasi hayakauki. Puto linamfaa?

#35 AfisaTabibu

Mama, kwa umri huo angalia kwanza nyama za nyuma ya pua, adenoidi. Sinasi za paji bado hazijakua. Mpeleke kliniki ya pua, koo na masikio, na akisita kupumua usingizini usingoje. Fungua uzi wako, watu wengi watakuja.

#36 MwalimuWaNzuguni

Nimesoma zote, ahsanteni. Jumatatu daktari wa meno. Matone naacha tundu la kushoto leo usiku. CT nimeulizia, bima inataka barua ya daktari. Ila bado sijaelewa, kama CT ikionyesha shavu tu na jino likiwa zima, si puto?

#37 Mtoto_wa_Ruwi

Ndiyo.

#38 NesiWaZamu

Huenda ndiyo, baada ya wiki kadhaa za maji ya chumvi na steroidi ya kupuliza ukitumia vizuri. Kichwa kiiname kidogo, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, elekeza upande wa sikio, siyo kwenye ukuta wa katikati, usivute kwa nguvu. Wengi wanaoniambia "ilishindwa" waliipulizia kooni.

Halafu FundiKeko #9, hoja yako ya vinyama kuota tena haijajibiwa. Una pumu? Na ukimeza diklofenaki au aspirini inakuwaje?

#39 FundiKeko

Pumu ilinianza ukubwani, baada ya hivyo vinyama. Diklofenaki nilipewa niliposhuka vibaya kwenye gari, kifua kikabana usiku ule mpaka nikakimbizwa kuwekewa mashine. Walisema ni vumbi la karakana.

#40 NesiWaZamu

Fundi, tafadhali usimeze tena diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini mpaka umwone daktari umweleze hivyohivyo ulivyonieleza. Vinyama, pumu na dawa hizo kubana kifua, vikikutana vitatu hivyo ni ugonjwa mmoja unaojulikana, na wenye nao ndio vinyama vinavyorudi haraka. Ukiumwa, parasetamoli kwa dozi ya kawaida, wengi wanaivumilia. Aandike kwenye kadi yako kwa wino mwekundu.

#41 Mnyalu_Halisi

Mbona vumbi la mbao nalo linajulikana kwa pua? Mafundi wenzake watatu pale Keko si wana vinyama bila pumu?

#42 FundiKeko

Mmoja ninayemjua anavyo, pumu hana. Kesho nitamuuliza kuhusu hizo dawa.